Besi Peke Yake

Kazi yangu ni kuwajazia watu nyimbo kwenye flashi, Makambako njia panda. Madereva wa malori wanataka za kuwafikisha Mbeya wakiwa macho. Mabibi harusi wanataka za kuingilia ukumbini. Ila wateja ninaowapenda ni wale wanaoinama dirishani na kunong'ona, "Niwekee zile za taratibu, zinazogusa." Hao nawatibu kama mganga. Aliyeachwa nampa rumba ya zamani, ambayo gitaa lake linalia weee kabla mwimbaji hajakumbuka kuingia. Aliyeacha nampa taarabu, asikie anavyosemwa. Mwenye huzuni asiyejua sababu nampa vijana wa siku hizi wenye gitaa moja na sauti inayokwaruza. Nao hawaijui sababu. Hajawahi kulalamika mtu.

Baba alilalamika.

Anaishi karibu na misheni, nje kidogo ya Njombe. Yeye na mama waliimba kwaya ya parokia tangu sijazaliwa, mama sauti ya pili, baba besi. Nyumbani baba hakuwahi kuimba wimbo, aliimba besi yake tu. Ukimsikia akipalilia viazi ungedhani anajibizana na mtu wa kilima cha pili: mmm, mmm, anasubiri, mmm. Mpaka mama aingilie kutoka jikoni ndipo tulipojua ni wimbo gani.

Tulipomzika mama, baba akanyamaza. Mchana kutwa alikaa kibarazani akiota jua, hata siku ambazo jua halikutoka. Niliogopa atamfuata. Niliogopa sana, wala sioni haya kusema.

Basi nikafanya ninachokijua. Nilichagua nyimbo wiki nzima, za kale na za sasa, zote za kukuna moyo, nikampelekea na redio ya kuzichezea. Jumapili iliyofuata nikaikuta redio imefunikwa kitambaa cha mezani.

"Kamwene, baba," nikamsalimu. "Umesikiliza?"

"Kamwene. Nimesikiliza."

"Zikoje?"

Akakinyoosha kile kitambaa. "Nzuri. Lakini zimejaa, mwanangu. Hakuna pa kuingia."

Nilinuna hadi Makambako. Mtaalamu hapendi kuambiwa nyimbo zake zimejaa. Nilikaa na neno lile siku tatu, nikijaza flashi za watu, ndipo likaniingia.

Jumapili nyingine nikaenda mikono mitupu. Nikaingia jikoni, nikakaa kumenya viazi, nikaanza sauti ya pili ya wimbo wa matoleo alioupenda mama. Niseme ukweli: utotoni mwalimu wa kwaya alinisikiliza mara moja, akaniomba niwe nabeba madaftari. Maneno nilikuwa na uhakika nayo. Mengine nilimwachia Mungu.

Nilimaliza ubeti wa kwanza. Nikaanza wa pili, mbaya kuliko wa kwanza, macho kwenye viazi kwa sababu yalikuwa yamejaa machozi.

"Umepanda mno," baba akasema kutoka nje. "Mama yako alikuwa anaanzia chini."

"Chini wapi?"

Benchi la kibarazani likalia. Akaja taratibu mpaka mlangoni, akasimama, akakohoa kama wanavyokohoa wanakwaya kabla ya kuanza.

"Anza upya," akasema. "Mimi nipo."