Kinu cha Sange: Kwa Lori au kwa Treni

Siku yangu ya kwanza kazini, bandari ya ziwani ya Kalundu, nilivaa viatu vya kisigino kirefu, maana niliambiwa nimeajiriwa ofisini. Chef wa ajansi, yaani mkuu wetu wa usafirishaji wa mizigo, aliviangalia viatu vyangu, akanituma gatini nikasimame na kapita, msimamizi wa wapakuzi, mpaka saa kumi. Niliporudi nikichechemea aliniuliza nimeona nini. Nikamjibu nimeona magunia na masanduku.

"Weye umeona vitu tu," akasema. "Kesho angalia mikono. Hesabia mara ngapi muzigo inashikwa. Ni pale inavunjikaka."

Mkono, kwetu, ni kila mahali mzigo unapotoka chombo kimoja kuingia kingine. Shehena iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa na njia mbili. Kwa treni hadi Kigoma, kisha meli hadi Kalundu, kisha gari: mikono miwili. Kwa lori kupitia Burundi hadi mpaka wa Kavimvira, hakuna mkono hata mmoja, ila milima na mashimo. Saruji tuliipeleka kwa treni bila ubishi, dawa kwa lori. Vitu vingine vyote vilikuwa ugomvi, na mimi ugomvi sijawahi kuukimbia.

Miaka ikapita, nikawa mimi ndiye ninayechagua njia. Wakati huo tulishapata chef mpya, kijana wa Bukavu mwenye haraka, na ushirika wa akina mama wa Sange ukatuletea kazi: kinu cha kukoboa mpunga kilichokuwa kinawangoja Dar es Salaam. Kila msimu walikoboa kwenye kinu cha mtu, naye alijichotea sehemu ya mchele wao kabla hawajaugusa. Walitaka chao kabla ya mavuno.

Chef alitaka lori. Nilimkatalia waziwazi. Kinu ni chuma cha kumimina, kizito, ndani ya sanduku moja. Nilikwisha kuona kingine kama hicho kikishuka kwenye lori na ufa ubavuni. Kigoma kuna winchi. Kapita wa Kalundu, nilipompa vipimo, alifikiri kidogo akasema iko ya watu makumi tatu na magogo ya kuviringishia, na vyote anavyo. Nilibishana na chef siku tatu, nikashinda. Nilijiona mtu kweli.

Kumbe nilihesabu mikono, sikuhesabu kungoja. Behewa lilingoja mengine yajae. Meli nayo ikangoja shehena ya kutosha. Mpunga wao huko bonde la Ruzizi ulikuwa umeiva tayari. Kila juma Mama Nabintu, kiongozi wa ushirika, alikuja kukaa kwenye benchi la ofisi, akauliza kwa upole, akarudi Sange.

Kinu kilifika kizima, bila hata mkwaruzo. Kapita na watu wake walikishusha kama yai. Lakini nilipokipeleka Sange mwenyewe, viwanja vya kuanikia vilikuwa vitupu. Mpunga wote ulishakobolewa kwa yule bwana wa kila msimu, na sehemu yake ameshaichukua.

Nilimweleza Mama Nabintu kwa nini nilichagua treni: uzito, ufa, barabara. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mama, mungetuuliza," akasema. "Fundi wetu anajua kuifungua na kuiunganisha. Ingekuja na lori, vipande vipande, kila kipande kimefungwa mu nyasi yake."

Nilikuwa nimewauliza kapita, madereva na watu wa reli. Wenye kinu sikuwauliza hata neno moja. Niliona aibu, na mpaka leo naiona.

Tangu siku ile, mpaka nilipostaafu, sikutia sahihi njia ya mzigo wowote kabla ya kwenda kwa mwenyewe kumuuliza anauhitaji lini na anaweza kuupokea vipi. Chef alilalamika kwamba napoteza muda. Nilimwambia aniandikie barua ya onyo kama anataka, nami nitaendelea kwenda.

Vijana wa sasa mnalifuata lori kwa simu, na mnaniuliza ipi bora, lori au treni. Sijui. Mimi nilichagua njia iliyokiokoa kinu, na akina mama wa Sange wakala msimu mzima mchele uliopungua.