Kahawa Iliyohamia Kamsamba

Enzi zetu mti ulikuwa na kwao, kama mtu. Sisi watoto wa Itaka, nyanda za juu za Mbozi, tulilijua hilo kwa miguu na kwa tumbo: huku juu kahawa na migomba, pembeni misuku ya porini, iliyotushibisha kwa matunda yake, masuku, mpaka tukausahau ugali wa nyumbani, na chini ya miti ya mitundu, mvua za kwanza zikinyesha, uyoga. Mtu mmoja tu hakulijua. Baba.

Miaka ya vijiji vya ujamaa, Baba aliamua tuhamie Kamsamba tukalime mpunga. Vizuri. Lakini mwanamume wa Mbozi bila kahawa, alisema, ni jogoo aliyenyonyolewa. Akang'oa miche, akaifunga kwa majani ya mgomba, tukaibeba vichwani. Njiani nchi yenyewe ilitusihi turudi. Misuku ilikoma kwanza. Kisha mitundu ikafupika na kuachana, ikaja migunga yenye miiba kama sindano za zahanati, ikaja mikwaju, na mwisho matete ya Mto Momba, katika joto la kuivisha mayai. Kila mmea ulifika mpakani pake, ukamwachia mwenzake zamu. Baba hakuona kitu. Kichwani mwake alikuwa amekwishaanza kuchuma kahawa.

"Mama Neema," alimwambia mama tulipotua mizigo, "kahawa ikishika hapa, tumefika nyumbani. Isiposhika, nitakuwa mgeni mpaka kufa."

"Sasa Baba Neema, mbona hukubeba na baridi ya Itaka?"

Basi nyumbani kwetu kukategemea afya ya majani machache. Tuliijengea miche kibanda cha matete. Ilikunywa maji kabla yetu. Mimi, mjenga taifa hodari, niliiimbia nyimbo za mchakamchaka ili isikate tamaa. Jirani yetu mfugaji akipita na ng'ombe wake aliuliza, "Bwana Mbozi, wageni wako wameamkaje?"

"Wanazoea," Baba alijibu, majani yakikunjamana kama tumbaku.

Mche wa mwisho ulikauka mpunga ukichanua. Baba aliung'oa, akaukung'uta udongo.

"Sikushindwa mimi," akasema. "Imeshindwa kahawa."

Akakunja suruali, akaingia majini kupalilia. Jioni alikula sahani mbili za wali, chakula alichokuwa akikiita cha wagonjwa. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu Itaka. Kesho yake jirani alipoita "Bwana Mbozi!", Baba aliinuka katikati ya mpunga: "Mbozi iko wapi hapa? Mimi ni mtu wa Momba."

Siku hizi naishi Chapwa, karibu na mpaka wa Zambia, na wanangu ni wataalamu kuliko babu yao. Masuku wanayanunua kwa bakuli mpakani, wakiamini yanaota Zambia tu. Sebuleni wameniwekea maua ya plastiki. Hayadai baridi wala kivuli. Itaka yanashika, Kamsamba yanashika. Baba angeyapenda mno. Yana kasoro moja tu: hayafi, kwa hiyo hayawezi kukuambia uko wapi.