Siku Nilipotangaza Protini Imekatika

Chekeni tu, mimi nilishacheka. Nafundisha chuoni hapa Machakos, na modeli yangu ya protini niliiunda mwenyewe kwa laptopu kuukuu. Kila fungu la atomi nililigeuza ushanga mmoja, nikaunganisha shanga kwa springi, kisha nikatazama protini inavyojinyonga na kujikunjua. Kazi hiyo najivunia hadi leo.

Wiki jana nikaona maajabu: nusu ya protini iko kulia mwa skrini, nusu kushoto. Imekatika! Sikuuliza mtu. Niliita idara nzima, nikanunua soda, na mama yangu, Mwaitu, akaja kutoka Kivaa na leso mpya.

"Protini hii hujikata yenyewe!" nikatangaza, kifua mbele. Mwaitu akapiga vigelegele.

Mutua, mwalimu mwenzangu, akainua mkono. "Daktari, hizo springi zako zinaweza kukatika?"

"Haziwezi kabisa," nikajibu kwa maringo. Papo hapo nikang'amua: springi zisipokatika, protini nayo haikatiki.

Nilikuwa nimesahau boksi. Ndani ya kompyuta protini huelea kwenye boksi, na sehemu inayotoka nje upande wa kulia huchorwa ikiingia kushoto. Yangu haikukatika, ilikuwa imekaa mpakani tu.

Mutua akabonyeza kitufe, akaisogeza katikati. Ikawa nzima, inacheza vizuri ajabu. Mkuu wa idara akaitazama soda yake.

Mwaitu akaruka na vigelegele vya pili. "Ameivunja na kabla ya chai imepona! Huyo ni mwanangu!"