Kifumbu cha Bi Mwanakombo

Nilitoka Mombasa kwenda kutafuta uchafu. Katika maabara yetu ya serikali tulikuwa tukifuga vijidudu vinavyokula sukari ya dukani na kuigeuza mrenda. Mrenda huo, ukisafishwa, hutiwa kwenye mishipa ya mgonjwa aliyepoteza damu nyingi. Mbegu yetu ya vijidudu ikatufia. Mkubwa wangu akasema nisiporudi na nyingine kazi ile itafungwa, nami nitarudi kuosha chupa. Mwenzangu mmoja alikuwa na shangazi huko Pate, Bi Mwanakombo, mpika asali ya mnazi. Tembo lake tamu, yaani maji ya mnazi ambayo hayajachacha, lilikuwa likimharibikia kwa kuvuta nyuzi za mrenda kabla halijafika jikoni. Nikatanguliza barua: naja kuangalia vyungu vyako.

Siku mbili za basi hadi Mokowe, vumbi mpaka kwenye kope. Nikavuka hadi kisiwa cha Amu, na kutoka hapo nilipanda mashua ya Pate, tukangoja maji yajae, na bado nilimalizia safari kwa miguu matopeni, viatu mkononi.

Pate, saa nne asubuhi. Bi Mwanakombo, mjane mnene mcheshi, alinikaribisha kwa kahawa. Nyuma yake vyungu vilipangwa vikimeta.

"Zombo zote nimezikosha kwa mai ya moto," alisema kwa fahari. "Mgeni wa sirikali akiya aone uchafu wangu? Hata!"

Nilitamani kulia. Barua yangu mwenyewe ndiyo iliyoniponza.

"Bi, mimi nimekuja kwa ajili ya ule mrenda."

"Ule ulonitia haya mbee za watu?"

"Huo huo. Unaweza kuokoa mtu."

Alinitazama akipima akili zangu, kisha akajipiga paja. "Kifumbu!"

Kifumbu chake cha kuchujia tembo alikuwa amemwazima jirani wiki ile. Jirani alikileta kimeganda mrenda, akiomba radhi kwa kutokiosha. Sijapata kusikia radhi tamu kama ile.

Hapo hapo nikachemsha maji ya sukari, yakapoa, nikatumbukiza kipande cha kifumbu chupani na kuziba kwa pamba.

Njiani kurudi, basi lilipofika Malindi, niliinamisha chupa, maji yakajivuta kwa uvivu. Abiria wa pembeni akauliza kama nampelekea mke wangu bamia. Nilicheka kuliko yeye.

Mombasa tena. Baada ya kuitenga mbegu na kuilisha, tulimimina spiriti, mrenda ukatua chini mweupe. Tukauchemsha kwa tindikali uvunjike kuwa sukari, tukatia tone kwenye karatasi ya kuchujia, ambayo juu yake kila sukari hupanda mpaka mahali pake. Mrenda tuliouhitaji ni wa glukosi tupu; madoa mawili yangemaanisha mbegu si ile tuliyoitaka. Lilitokea doa moja, sambamba na la glukosi. Moja tu! Mkubwa wangu, mtu asiyecheka, alinishika mkono akasahau kuuachia.

Nilijifunza kwamba si kila ziara inahitaji barua ya kutangulia. Barua nyingine nilimwandikia Bi Mwanakombo, nikamweleza yote. Alijibu kwamba amenunua kifumbu kipya cha kuchujia, kile cha zamani kimetundikwa barazani na kila mgeni huonyeshwa, "na ole wake atakayekikosha."