Bastola Iliyosubiri Saini ya Mke Wangu

Mimi ni mhandisi. Diploma niliipata Brussels huku nikiosha sahani za watu, na nyumba yangu hapa Lubumbashi sikuijenga kwa msaada wa mtu. Naanza na hayo ili ieleweke kwa nini nilichemka siku vijana wawili waliponikaba Molenbeek, mtaa wa Brussels tulikoishi wakati ule, kando ya mfereji, mchana kweupe, wakaninyang'anya mkoba wenye michoro yangu ya kazi. Polisi aliandika, akagonga muhuri, akanitakia siku njema. Siku njema!

Nikaamua kununua bastola ya kubeba chini ya koti.

Muuza silaha alikuwa Mbelgiji mzee aliyekulia Katanga enzi za ukoloni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha wapishi.

"Leta mukono," alisema.

Sikuwa mpishi wake, lakini niliupeleka. Akapanga bastola tatu juu ya kitambaa. Ya kwanza, ya silinda, ilituna ubavuni kama andazi. Ya pili ilikuwa nzito, ikavuta koti upande. Ya tatu ilikuwa nyembamba, ya risasi sita, fupi kiasi kwamba kidole changu cha mwisho kilikosa pa kushika. Nikafunga vifungo, nikajitazama kwenye kioo. Hakuna kilichoonekana. Koti lenyewe lilishonwa kwa kipimo changu, si mtumba. Nikachagua hiyo.

"Kwanza ruhusa," akasema. "Na ya kubeba, hawapeane ovyo."

Sheria ilikuwa imekazwa miaka ile. Nilijaza fomu, nikaambatisha nakala ya diploma ingawa hakuna aliyeiomba. Kwetu barua isiyo na diploma ni karatasi tupu. Likabaki jambo moja: mtu mzima anayeishi na mwombaji asiwe na pingamizi. Yaani mimi, mwenye shahada, niombe idhini jikoni kwangu.

Mke wangu alikuwa akisonga bukari, ugali wetu.

"Sitaweka signature, papa."

"Ni mimi niliyepigwa!"

"Bon. Ungekuwa nayo, bale batoto bangeibeba pamoja na mukoba." Hakuacha kusonga. "Weye saa unaivaa juu ya mukono ya shati. Diploma iko ku ukuta ya salon, mugeni anaisoma mbele ya kusalimia. Kitu gani ulishaka kuficha, weye? Siku ya kwanza tu, banyozi bote ba Galerie, kwenye unakataka nywele, bataishika."

Nilipiga meza. Nikamkumbusha nani ni kichwa cha nyumba hii.

"Ndo ile kichwa ninapenda irudie muzima," akajibu, akapakua.

Sikula. Wiki nzima ikapita, na saini haikuwekwa.

Nilirudi dukani kusema siitaki tena. Nilijieleza kwa ufundi: kishikio ni kifupi, kidole kinaning'inia, si kazi ya mhandisi makini.

Mzee akakikunja kitambaa chake polepole. "Madamu amekataa," akasema. "Bwana wote banasemaka kidole."

Nilitoka nikiufunga mlango kwa kishindo hadi vioo vikalia. Nilimchukia yeye, sheria yao, wale vijana, na bukari ile. Nikafuata njia ileile ya mfereji, mkoba mpya nimeukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Kabla ya kufika darajani nilisimama, nikauchomoa mkono wa shati chini ya saa, nikaifunika nao.