Wifi na Upande wa Kushoto wa Meza

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni mkataji katika karakana tunayoshona sare. Sisi wengine tuko kwenye cherehani. Yeye husimama mezani na mkasi, na asipokata yeye, sote tunabaki kupiga miayo. Kazi hiyo imempa maringo, Mungu amsamehe. Hata kanisani hukagua kwanza mshono wa joho la mchungaji, ndipo afumbe macho.

Mwaka huu madaktari walimkuta na uvimbe kwenye ubongo, nyuma upande wa kulia. Walimpasua, wakatoa walichoweza, kingine kikabaki. Sisi tulilia. Yeye aliupa uvimbe jina: Shemeji.

"Kaja bila kualikwa," alisema, "anakula, analala, na hana habari ya kuondoka."

Mchungaji alipokuja kuukemea kwa sauti kuu, wifi alimgusa mkono. "Polepole, baba mchungaji. Ukimwamsha, utakaa naye wewe?" Nikasema amina haraka haraka nisije nikacheka.

Shida ilikuwa kuona. Macho yenyewe mazima, ila upande wa kushoto kwake umefutika. Akila, anamaliza nusu ya kulia ya sahani kisha analalamika kuwa tunambania. Ukiizungusha sahani: "Kumbe chakula mlikuwa mmekificha!"

Aliporudi kazini alikata mashati ya shule. Patani ya mkono mmoja, ile karatasi ya kukatia, ilikuwa mwisho wa meza, kushoto. Hakuiona. Tulipoanza kuunga, kila shati lilikuwa na mkono mmoja tu.

Bosi, mama mwenye karakana na funguo zake zote, aliliinua moja juu. "Na hii ni nini?"

"Upande mmoja wa joto, bosi, mwingine wa baridi," wifi akajibu.

Bosi hakucheka. "Keshokutwa utakata majoho ya kwaya nikikuangalia. Ukikosea, unahamia kwenye vifungo."

Kushona vifungo si dhambi, lakini kwa mtu aliyezoea kuamuru kitambaa kiende wapi, ni kuzikwa huku unapumua. Usiku ule hakumtania hata kaka yake, nami nikajua ameumia.

Asubuhi nilifunga kitambaa chekundu mwisho wa meza, kushoto. "Usiguse mkasi mpaka ukione hiki," nikamwambia. Tulifanya mazoezi siku nzima, akigeuza shingo kama kuku aliyesikia mlango wa jikoni. Alinitukana kidogo. Nilimwombea kidogo.

Siku ya majoho alitandaza kitambaa, akashika chaki. Bosi akaingia taratibu na viatu vyake laini, akasimama kushoto kabisa. Wifi hakumwona.

"Yule mama wa funguo hajafika bado?" akaniuliza.

Nikakohoa.

"Anataka kunipeleka kwenye vifungo, na yeye mwenyewe kutia uzi kwenye sindano mpaka aite mtu!"

Nikakohoa tena, cherehani zote zikanyamaza.

"Utakohoa baadaye, wifi, sijamaliza. Na yale manukato yake! Yeye hayupo, lakini harufu imewahi kazini."

Kisha, kama tulivyofanya mazoezi, akageuza shingo kutafuta chekundu. Akakutana na tumbo la bosi limeegemea meza.

Ee Bwana, nilisema moyoni, mchukue mmoja wetu sasa hivi.

"Bosi," wifi akasema kwa upole wote, "sogea kidogo, umenizibia mwisho wa meza."

Bosi akasogea. Wifi akakiona chekundu, akapanga patani, akachora, akageuza shingo tena kuhakikisha, ndipo akakata. Mimi midomo ilikuwa inacheza kwa maombi. Alipomaliza, bosi alivikusanya vipande akavilinganisha mwenyewe, mgongo, kifua, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Vyote vilikuwepo.

"Utakata asubuhi," bosi akasema. "Mchana ukishachoka, vifungo. Na hicho chekundu kisitoke hapo."

"Na manukato usiache, bosi. Nitajua uko upande gani."

"Wifi!" nikamkaripia.

Bosi alijiziba mdomo kwa kiganja, akatoka mbio. Tulimsikia ukumbini akicheka mpaka akakohoa na yeye.

Wifi alikuwa ameshavuta kitambaa kingine. "Mnanitazama nini?" akatuuliza. "Shoneni, kwaya isije ikaimba uchi."