Siku Nilipomwanika Furaha Kanisani

Jamani, hili nalisimulia mwenyewe kabla hamjalisikia kwa wengine likiwa limetiwa chumvi, maana hata bila chumvi, mpaka leo nikilikumbuka najifunika uso kwa mtandio.

Mwaka 2018 nilikuwa nasoma chuo kimoja huku Fort Worth, Texas, na nilipata kazi kwenye programu ya kuwasaidia wanafunzi ambao kwao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo. Kazi yenyewe wanaiita mentor, yaani wewe uliyetangulia kidogo unamshika mkono aliyeingia juzi, unamwonyesha pa kupata vitabu, unakaa naye kwenye hesabu, unamsikiliza akilia. Kwa viza yangu ya mwanafunzi sikuruhusiwa kufanya kazi nje ya chuo, kwa hiyo nikiipoteza hiyo sina nyingine. Na sharti lake kubwa lilikuwa moja, tulilisaini kabisa: anachokwambia mwanafunzi kinabaki kwako, hata mzazi wake haambiwi.

Mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa Furaha, binti wa Kikongo wa Haltom City, mji wa jirani, mpole, anataka unesi, na mtihani wa kwanza wa hesabu alikuwa ameangukia pua. Jumapili moja tukapanga kusoma, akaniambia nimfuate kanisani kwao ibada ikiisha. Nikafika, ibada haijaisha (sijui nani alinidanganya kwamba ya Wakongo inaisha saa sita), jua la Texas linachoma, na kiyoyozi cha gari langu kilishakufa zamani. Nikajisemea niingie dakika tano tu nipate ubaridi. Mimi Mwislamu wa Tanga, na mtandio wangu kichwani, nikajibanza kiti cha mwisho kabisa.

Kumbe pale mgeni hajibanzi. Mchungaji akaniona.

"Tuko na mugeni! Dada, simama, utuambie jina na kazi unafanya."

Kipaza sauti kikaletwa. Ningetaja jina nikakaa, leo msingekuwa na la kucheka, lakini ukumbi mzima unanitabasamia, kinamama wananipigia vigelegele, kichwa kikavimba, nikasema naitwa Mwanaidi, ni mentor wa Furaha chuoni, na wala msiwe na wasiwasi, hesabu zimemgomea kidogo ila kufeli mtihani mmoja si kufeli maisha, tutapambana naye!

Nilitegemea makofi. Hayakuja. Mama mmoja wa mstari wa mbele, kilemba cha kitenge kichwani, akageuka polepole, wala si kwangu, kwa binti yake Furaha aliyekuwa amesimama kwenye kwaya.

"Furaha! Si uliniambiaka ulipata muzuri?"

Furaha akajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Mchungaji hakupoteza muda. "Mutoto yetu akuje mbele, tumuombee hiyo hesabu." Akaja, wazee wakamwekea mikono, na mimi badala ya kunyamaza (nani alinituma?) nikaona nimwokoe, nikakidaka kipaza sauti tena nikatangaza kwamba hata mimi somo hilohilo nilifeli mara mbili.

"Aksanti kwa kusema kweli," akasema mchungaji. "Na wewe kuja."

Nikajikuta nimepiga magoti kando ya Furaha, watu wanaikemea aljebra kwa sauti zote, simu zinarusha Facebook moja kwa moja, na Furaha, bila kufumbua macho, akaninong'oneza: "Dada, I will never forgive you."

Sijafika hata nyumbani, Kevo, mentor mwenzetu wa Nairobi, kashaitupa video kwenye kundi letu la kazini: "Wee Mwanaidi, kwani uliokoka lini?" Na bosi wetu, Mmarekani asiyejua neno la Kiswahili, yumo humohumo kundini, akauliza kwa furaha kabisa hiyo ni sherehe gani.

Jumatatu asubuhi nikaenda ofisini kwake mwenyewe, nikamwaga yote. Akavua miwani, akasema mwenye kuamua ni Furaha, akaagiza aitwe. Nilikaa pale naogopa kwelikweli, nawaza nitamweleza vipi baba kwamba nimefukuzwa kazi kwa sababu ya kutoa salamu. Furaha akaingia, akaulizwa kama anataka apewe mentor mwingine. Akanitazama weee, mpaka nikaangalia viatu.

"Ubaki," akaniambia kwa Kiswahili kwanza, kabla ya kumgeukia bosi. "Siri yangu ilikuwa moja na ulishaimaliza. Mwingine ataanza mupya."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, bosi akasogeza boksi la tishu bila kuelewa kitu. Tangu siku hiyo nikikutana na mzazi wa mwanafunzi wangu, dukani au msibani, akaniuliza mwanangu anaendeleaje huko chuoni, namjibu ni mzima wa afya, halafu nauliza habari za watoto wake wengine.